Maneno “Uzi” na “Taka” katika Lugha ya Java

Mkonge uliletwa pwani ya Tanga na Pangani mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Katika pwani hiyo uzi wa katani ni kitu cha kila siku. Neno hilo hilo, uzi (wingi nyuzi), lafaa kutaja mfuatano wa amri zitekelezwazo ndani ya programu ya kompyuta. Lakini nyuzi za katani husokotwa zikawa kamba moja. Nyuzi za programu hazisokotwi. Kila uzi hushika njia yake, ingawa zote hutumia kumbukumbu moja.

Java, lugha iliyotolewa mwaka 1995, huuhesabia uzi hali sita: mpya, usioanzishwa bado, wenye kwenda, au ulio tayari kwenda, uliozuiliwa na kufuli lililoshikwa na uzi mwingine, wenye kusubiri, wenye kusubiri kwa muda maalumu, na uliokwisha. Uzi uliokwisha hauanzishwi tena. Mfano wake ni mkonge wenyewe: hutoa mti wa maua mara moja tu, kisha hufa.

Neno taka lahitaji uangalifu zaidi. Katika mazungumzo, taka ni kitu kisichofaa. Katika Java, ni kitu kisichofikika. Mzoaji taka huanzia kwenye nyuzi zilizo hai na mizizi mingine ya programu, akafuata viungo vyote. Asichokifikia ndicho huondolewa. Kitenzi kuzoa chafaa kuliko kukusanya, kwa kuwa akusanyaye huenda akaweka, bali azoaye taka huondoa.

Kutokana na hayo yafuata mambo mawili. Kwanza, uzi uliokwisha si taka maadamu programu ingali na kiungo cha kuufikia. Pili, uzi wa kawaida wenye kusubiri jambo lisilokuja kamwe si taka pia, japo haufai kitu. Na vyote uvishikavyo hubaki pamoja nao. Nyuzi za namna hiyo zikizidi, kumbukumbu hujaa na programu ikasimama.

Basi mwalimu afasiriye taka kuwa “visivyofaa” humfanya mwanafunzi amtumainie mzoaji kwa kazi asiyoiweza, yaani kupambanua chenye faida na kisicho nayo. Kazi hiyo ni ya mwandishi wa programu, naye hana budi kuukomesha uzi asiouhitaji na kukikata kiungo chake.