Kompyuta Ikizimika Ghafla, Tusikisie: Tupime

Ndugu msomaji, katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa tunayo kompyuta moja ya mezani. Hatukuinunua ikiwa nzima. Tuliiunga wenyewe, kipande kwa kipande. Kasha lake tulilipata kwa jirani aliyekuwa anahama. Vipande vingine tulinunua kidogo kidogo, kila tulipopata fedha. Kijana wetu mmoja aliyejifunza ufundi ndiye aliyetuongoza. Ndani ya kompyuta hiyo tunaweka hesabu za wanachama: nani ameweka hisa ngapi, nani amekopa, na nani amelipa.

Jioni moja, siku mbili kabla ya kugawana fedha za mwaka, mama mweka hazina alikuwa anaingiza hesabu za mwisho. Mara taa ya chumbani ikafifia, ikawaka kwa nguvu, kisha ikatulia. Tukasikia "pa!" nyuma ya kasha. Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya.

Kesho yake maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Imeingiwa na virusi hiyo." Mwingine akasema, "Aa, imekufa. Tununue nyingine." Tukampigia simu fundi mmoja wa mjini. Hata hajaiona, akasema madabodi imeungua, akataja bei ya mbuzi wawili. Lakini neno baya zaidi lilisemwa chini chini: "Mbona imezimika siku mbili kabla ya kugawana? Huyu mama anaficha kitu."

Mama yule hakulala usiku huo. Basi mzee mwenyekiti akasema, "Tusikisie mashine, wala tusikisie mtu. Tuifungue mbele ya wote, tupime kitu kimoja kimoja. Anayetaka kuona na aje."

Hivi ndivyo tulivyofanya. Tunakueleza, ndugu msomaji, ili nawe siku moja usipoteze fedha bure.

KWANZA TUJUE UMEME UNAKOPITA

Umeme unatoka ukutani, unapita kwenye waya, unaingia kwenye pawa saplai. Hii ni boksi la chuma lililo ndani ya kasha, upande wa nyuma, lenye feni yake. Umeme wa ukutani ni mkali, kiasi cha volti 230. Vipande vya ndani haviwezi kuula umeme huo. Pawa saplai huupunguza na kuugawa: volti 12, volti 5, na volti 3.3. Ni kama mama anayepakua chakula: mtoto mchanga uji, mkubwa ugali.

Kutoka hapo umeme huenda kwenye madabodi, yaani lile bamba kubwa ambalo vipande vyote vimechomekwa. Juu yake kuna prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu. Kuna ramu, ambazo zinashika kazi unayoifanya sasa hivi na kuisahau umeme ukizimika. Halafu kuna diski. Diski ni ghala. Yaliyohifadhiwa humo hubaki hata umeme ukikatika.

Na virusi je? Virusi ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa. Vinaweza kuharibu kazi zako. Lakini kompyuta ambayo haiwashi taa wala kuzungusha feni haijafika hata mahali pa kusoma maagizo. Basi tukaweka virusi pembeni, tukafuata njia ya umeme.

TULIANZA NA VITU VYA NJE

Soketi ya ukutani. Tulichomeka taa ya mezani palepale. Ikawaka. Soketi ni nzima.

Waya. Waya unaoingia kwenye kasha letu ni wa aina moja na ule wa kioo. Tukabadilishana. Kioo kikawaka kwa waya wa kompyuta, lakini kompyuta haikuwaka kwa waya wa kioo. Waya zote mbili ni nzima.

Swichi ya nyuma. Pawa saplai nyingi zina swichi ndogo nyuma. Watu wengi wamebeba kompyuta hadi mjini, kumbe swichi hiyo iliguswa wakati wa kufagia! Yetu ilikuwa imewashwa.

Angalia hapo, msomaji. Bado hatujashika bisibisi, lakini tumeshaondoa mambo matatu. Kila mara tulibadili kitu kimoja tu. Ukibadili viwili kwa pamoja, mashine ikipona hutajua kipi kiliponya.

KABLA YA KUFUNGUA

Tulichomoa waya wa ukutani. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki kwenye madabodi uishe. Tukashika chuma cha kasha kwa mkono mtupu. Mwili wa mtu hubeba umeme mdogo wa msuguano, ule unaokushtua ukivua sweta. Wewe hauwezi kukuua, lakini unaweza kuua ramu.

Tunatoa onyo kubwa: usifungue boksi lenyewe la pawa saplai. Hata baada ya kuchomoa waya, ndani yake hubaki umeme mkali uliohifadhiwa, nao unaweza kuua mtu. Sisi tuliipima kwa nje, kwenye nyaya zake tu.

TUKATAZAMA, TUKANUSA, TUKAPIMA

Tulimulika ndani kwa tochi. Vumbi lilikuwa jingi kama la stoo ya mahindi. Kwenye madabodi kuna vikopo vidogo vinavyoitwa kapasita. Kapasita iliyokufa mara nyingi huvimba kichwani au huvuja. Zetu zilikuwa bapa, safi. Hatukuona alama ya kuungua. Ila harufu ya kuungua ilitoka kwenye matundu ya pawa saplai.

Kijana wetu akasema, "Harufu ni dalili. Bado siyo ushahidi."

Tukarudisha waya wa ukutani kwa kitambo. Madabodi yetu ina kijitaa kinachowaka kila inapopata umeme, hata kabla ya kubonyeza kitufe. Hakikuwaka. Je, pawa saplai imekufa? Wengi walisema ndiyo. Lakini ngoja kwanza. Kama kwenye madabodi umeme unapita njia isiyo yake, pawa saplai nzima nayo hukataa kuwaka ili kujilinda. Kwa hiyo dalili ni moja, lakini wagonjwa wanaweza kuwa wawili. Hapo ndipo watu wanaponunua kitu kisichohitajika.

Dawa yake ni kuwatenganisha. Tukachomoa waya wa ukutani tena, kisha tukachomoa nyaya zote za pawa saplai kutoka kwenye vipande vingine. Plagi yake kubwa ya matundu 24 ilikuwa imekaza sana. Tuliivuta kwa nguvu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Tuliazima mita ya kupimia umeme kwa fundi redio, tukaiweka kwenye volti za umeme wa moja kwa moja. Tukarudisha waya wa ukutani. Ncha nyeusi ya mita tukaigusisha kwenye waya mweusi wa ile plagi kubwa, ncha nyekundu kwenye waya wa zambarau. Waya wa zambarau hutakiwa kuwa na volti 5 muda wote, hata kompyuta ikiwa imelala. Mita ikasoma sifuri. Kila mwanachama akaja kutazama. Sifuri.

Tukafanya jaribio la pili. Tulichomoa waya wa ukutani, tukaunganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi kwa kipande kifupi cha waya. Hivyo ndivyo madabodi inavyoiambia pawa saplai, "Amka." Tukarudisha umeme. Feni yake haikusogea hata kidogo.

Sasa tulikuwa na ushahidi. Pawa saplai ikiwa peke yake, ikiwa na soketi nzima na waya mzima, haitoi kitu. Imekufa.

Rangi hizo ni za pawa saplai za kawaida za kompyuta za kuunga. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, au kompyuta ilitoka kiwandani ikiwa nzima, usikisie. Mwite anayejua.

JE, ILIKUFA PEKE YAKE?

Pawa saplai ikifa vibaya, inaweza kufa na wenzake. Kijana mmoja wa kupiga picha alituazima ya kwake. Hatukuichomeka hivi hivi. Tuliipima kwanza. Waya wa zambarau: volti 5. Tukaiamsha, feni ikazunguka. Waya wa manjano: volti 12.1. Mwekundu: 5. Wa rangi ya machungwa: 3.3. Ikipungua au kuzidi asilimia 5 kwenye nyaya hizo, si ya kuaminiwa.

Kisha tukaunga vichache tu: madabodi, prosesa na feni yake, na ramu moja. Diski tuliiacha mezani. Kwa nini? Kwa sababu ramu ikiungua tutanunua nyingine. Diski ikiungua, hesabu za watu haziuzwi dukani.

Tukabonyeza kitufe. Feni ikazunguka! Watu wakapiga makofi. Lakini kioo kikabaki cheusi, na spika ndogo ya ndani ikaanza kulia: "Pii! Pii! Pii!"

"Si nilisema madabodi?" akadakia mmoja.

Kulia huko si kelele. Ni lugha. Madabodi inasema kuna kitu haikioni. Maana ya milio hutofautiana kwa kila aina, na huandikwa kwenye kitabu chake. Chetu kilisema: ramu. Tukazima, tukachomoa waya, tukaitazama ramu. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo. Ni sisi wenyewe! Tulipoivuta ile plagi kubwa kwa nguvu, mkono uliigonga. Tuliitoa, tukaifuta kwa kitambaa safi kikavu, tukaikandamiza mpaka vishikizo vikasema "ka!"

Tukawasha. Maandishi yakatokea kwenye kioo.

Mwisho kabisa, baada ya kuzima tena, ndipo tulipochomeka diski. Ikaamka. Hesabu zilikuwepo zote, isipokuwa mistari michache ambayo mama alikuwa hajaihifadhi. Kabla ya kufanya jambo lingine lolote, tulizinakili kwenye flashi mbili. Moja inakaa kwa katibu, moja kwa mwenyekiti. Kisha kila mwanachama akaleta kitabu chake cha hisa, tukalinganisha mbele ya watu. Hakuna hata shilingi iliyopotea. Aliyesema maneno chini chini alisimama, akamwomba mama radhi. Mama akamjibu, "Mwanangu, ulinipima bila mita."

KWA NINI ILIKUFA

Tukae tuseme ukweli. Tulipokuwa tunaunga kompyuta ile, fedha zilikuwa chache. Tulinunua prosesa nzuri, halafu pawa saplai tukachukua ya bei ya chini kuliko zote, tena iliyotumika. Tulidhani ni boksi la umeme tu. Kumbe ndilo linalolisha wote. Vumbi likaziba matundu, joto likazidi. Joto huchosha kapasita siku hadi siku. Umeme ulipopanda ghafla jioni ile, hakukuwa na kitu cha kuukinga.

Sasa tumenunua pawa saplai mpya, nzuri, kwa bei ndogo sana kuliko ile tuliyotajiwa na fundi wa simu. Tumenunua pia kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka. Kila miezi mitatu tunazima, tunachomoa, tunapuliza vumbi. Mvua ya radi ikianza tunachomoa kutoka ukutani. Na kila siku ya kikao tunanakili hesabu kwenye zile flashi, na kuziandika kwenye daftari pia. Kompyuta ni chombo. Kitakufa tena siku moja. Hesabu zisife nacho.

TUKUMBUKE

1. Anza na vitu vya nje: soketi, waya, swichi.
2. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja.
3. Chomoa waya wa ukutani kila unapogusa vya ndani.
4. Usifungue boksi la pawa saplai kamwe.
5. Tenganisha vipande, kisha pima. Dalili moja inaweza kuwa na sababu mbili.
6. Diski yenye kazi za watu iunge mwisho.
7. Usinunue kipande kabla hujapata ushahidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kijitaa kilichozima hakikutosha kuonyesha kwamba pawa saplai imekufa?
2. Mlio wa "pii, pii" ulitokana na kosa la nani?
3. Hesabu za kikundi chenu zimewekwa mahali pangapi? Pakiungua pamoja, zitabaki wapi?