Mkali Anayebana na Mkali Anayeachia

Katika poka ya Texas Hold'em, kila mchezaji hugawiwa karata 2 za siri, na uamuzi wake wa kwanza ni kuingia mchezoni au kuzitupa. Karata 52 hutoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili, na ree mbili hupatikana kwa wastani mara 1 katika migao 221. Anayengojea karata za namna hiyo tu humalizwa taratibu na madau ya lazima.

Mkali anayebana huingia takriban mara moja katika kila migao mitano au sita; anayeachia, mara moja katika mitatu au minne. Wote wawili, wakishaingia, hupandisha dau badala ya kufuata la mwenzao, na tabia hiyo huwatenganisha zaidi na wachezaji dhaifu kuliko idadi ya karata wanazocheza.

Anayeachia hudhaniwa kuwa mtu wa pupa, lakini hesabu yake ipo. Madau ya lazima yakiwa 100 na 200, aliyekaa kiti cha mwisho hupandisha hadi 500 akiwa na 7 na 6 za kopa. Mwenye 100 anatupa, mwenye 200 anafuata, na mezani panakuwa na 1,100. Zinafunguliwa mfalme, 9 na 2, zote za rangi nyingine: hana kitu. Hata hivyo anaweka 550. Mpinzani akitupa karata zake zaidi ya mara moja katika tatu, dau hilo pekee lina faida. Tena, siku atakaposhika ree mbili za kweli, wachache watamwamini, na hapo ndipo hulipwa vizuri.

Anayebana hana neema hiyo: akipandisha, meza nzima hukimbia. Lakini maamuzi yake ni mepesi na fedha zake hazipandi na kushuka kwa kasi, hivyo mtindo wake humfaa anayejifunza. Dan Harrington, bingwa wa World Series of Poker mwaka 1995, alijulikana kwa ubanaji. Doyle Brunson, aliyesifika kwa mashambulizi, alitwaa taji hilo mwaka 1976 na 1977, mara zote mbili akimalizia na 10 na 2, karata ambazo mbanaji angezitupa bila kufikiri. Bahati nayo ilikuwapo, bila shaka.

Kinachomwangusha anayeachia ni meza ya watu wasiotupa karata. Hapo vitisho havifanyi kazi, na hulazimika kupunguza migao anayoingia na kuweka dau akiwa na karata nzuri tu.