Je, Cheti cha Nasaba Kinatosha Kumpa Ng'ombe Ushindi Maonyeshoni?

Mfugaji wa Nambale au Amukura anapotafuta mtamba wa maziwa, mara nyingi huonyeshwa karatasi kabla ya kuonyeshwa mnyama. Muuzaji hutaja baba, babu na lita alizotoa nyanya, na bei hupanda kwa kila jina. Lakini karatasi hiyo haimhakikishii mnunuzi maziwa, wala utepe wa mshindi kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK.

Nasaba za mifugo bora nchini zimeandikwa katika daftari la Kenya Stud Book tangu 1920. Ng'ombe wa kienyeji akipandishwa mbegu ya Ayrshire, ndama wake huwa nusu Ayrshire. Ndama huyo akikua na kupandishwa mbegu ya fahali mwingine wa Ayrshire, kizazi kinachofuata hufika robo tatu, kisha saba kwa nane. Kwa hivyo hata aliye na zebu mmoja anaweza kupanda ngazi hiyo polepole, bila kuuza shamba ili anunue mtamba wa bei ghali.

Cheti hueleza wazazi. Hakielezi ndama alichukua nini kwao. Kila ndama hupata nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba, lakini sehemu zipi, hiyo ni bahati. Ndiyo maana ndugu wawili wa baba na mama mmoja hutofautiana. Katika tofauti za maziwa baina ya ng'ombe wa kundi moja, urithi huchangia takriban robo hadi thuluthi. Kinachobaki ni lishe, afya na matunzo.

Mwamuzi maonyeshoni naye hatazami makaratasi. Cheti kinaweza kuamua mnyama ashindanishwe katika kundi gani, basi. Kinachohukumiwa ni mgongo ulionyooka, miguu, mwendo, na kiwele kilichoshikamana vizuri na tumbo. Mtamba aliyenyimwa dang'a siku ya kwanza, kisha akanyonya maziwa kidogo, hudumaa, na ukoo wake haumrudishii kimo.

Busia ina shida zake pia. Mbung'o hueneza nagana na kupe hueneza ndigana kali, na ng'ombe wa kigeni huumia zaidi kuliko zebu wa hapa. Nyasi za nepia nazo hushambuliwa na ugonjwa wa kudumaa. Kwa boma lisilo na dawa ya kupe ya uhakika wala malisho ya kiangazi, ng'ombe chotara anaweza kumfaa mwenyewe kuliko yule wa damu safi, hata kama jirani atamcheka.

Nasaba ina faida moja ambayo wengi huisahau: kuzuia fahali kumpanda binti yake. Fahali mmoja akihudumia kijiji kizima miaka mingi, hilo hutokea bila mtu kujua, na ndama dhaifu huzaliwa. Mrija wa mbegu, kama ile ya kituo cha taifa cha Kabete, huwa na jina au nambari ya fahali. Mfugaji amwombe mhudumu aiandike kwenye kadi pamoja na tarehe, na kadi hiyo ionyeshwe kabla ya binti wa ng'ombe huyo kupandishwa.