Simu Imeingia Nyumbani: Wazazi na Walimu Tufanyeje?



Siku hizi simu si kitu cha mjini peke yake. Imeingia kijijini. Ipo sokoni, ipo shambani, ipo chini ya mto tunapolala. Tunatuma fedha kwa simu. Tunauliza bei ya mahindi kwa simu. Hata matokeo ya mitihani ya watoto wetu tunayatazama humo humo. Basi, watoto nao wanaitaka. Mzazi anajiuliza, "Nimpe au nimnyime?" Mwalimu anasema, "Hapa shuleni ni marufuku." Mtoto yuko katikati. Leo tuzungumze habari hiyo.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Katika kijiji kimoja tunachokitembelea, yupo mama aliyehitimu kisomo. Anasoma vizuri na anaandika barua. Ana mtoto wa kiume wa darasa la saba. Kabla mama hajajua kusoma, mtoto huyu ndiye aliyekuwa akimsomea simu. Ujumbe ukiingia, mama huita, "Njoo unisomee." Namba ya siri ya fedha aliijua mtoto. Mama alipohitimu, mambo hayakubadilika. Alijua kusoma, lakini alizoea kusomewa.

Mama alikuwa ameweka kwenye simu shilingi 80,000 za mbolea. Siku moja ujumbe uliingia: "Hongera, umeshinda. Tuma shilingi 10,000 upate zawadi yako." Mtoto alikuwa peke yake, anacheza mchezo. Akatuma. Kesho yake ukaja ujumbe mwingine: "Bado shilingi 25,000 tu." Akatuma tena, akidhani atarudisha zile za kwanza. Zawadi haikuja. Akafuta ujumbe wote, akanyamaza.

Mvua zilipokaribia, mama alikwenda kwa wakala kutoa fedha. Akaambiwa salio halifiki hata shilingi 45,000. Alirudi nyumbani akitetemeka.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia ile mara ya kwanza?"

"Mama, niliogopa fimbo."

Fedha hizo hazikupatikana tena. Mama alinunua mbolea nusu, na nusu ya shamba ikapandwa bila mbolea.

Tuyatazame maneno ya mtoto. Shilingi 10,000 za kwanza zilipotea kwa ujinga. Zile 25,000 zilipotea kwa woga. Kama angekimbilia kwa mama yake siku ya kwanza, hasara ingeishia pale.

Na sisi waelimishaji tusijifiche. Darasani tulifundisha kuandika barua, kupima pamba na kusoma risiti. Simu hatukuileta darasani hata siku moja. Tulidhani ni mambo ya vijana. Tulikosea.

KWA NINI MTOTO HAWEZI KUIACHA?

Wazazi wengi husema, "Mtoto wangu akishika simu, hata kuitwa kula hasikii." Si ukaidi peke yake. Iko sababu.

Video nyingi za kwenye intaneti huonyeshwa bure, lakini wenye mitambo hawafanyi kazi ya bure. Hulipwa na wenye matangazo ya biashara. Mtu akitazama muda mrefu, huona matangazo mengi, nao hupata fedha nyingi. Kwa hiyo video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Michezo nayo hutoa zawadi ndogo ndogo, mtoto atamani mara moja tena. Ikiwa mtu mzima anashindwa kuiweka chini, mtoto je?

Tena kuna umri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kuhusu watoto wadogo. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya simu wala televisheni. Mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mtoto mdogo anahitaji kukimbia, kusemeshwa, kusimuliwa hadithi na kulala vya kutosha. Kumpa simu ili anyamaze si kumlea.

JE, SIMU NI MBAYA BASI?

Hapana. Jembe hulima, na jembe hukata mguu. Inategemea mshikaji.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini Tanzania, shule zilifungwa mwezi Machi. Wanafunzi wengi hawakurudi hadi mwishoni mwa Juni. Masomo yaliletwa kwa redio na televisheni. Mwenye chombo alisoma kidogo; asiyekuwa nacho alikaa hivi hivi.

Tena tunao mfano wa mkoa wa Tanga. Kuanzia mwaka 2017 yalifanyika huko majaribio ya shindano la dunia liitwalo Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 3,000, katika vijiji karibu 170, walipewa vishikwambi. Kishikwambi ni kama simu, ila ni kipana zaidi. Ndani yake mliwekwa masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule. Mwanzoni, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wakatangazwa.

Tunajifunza nini hapo? Chombo chenye masomo kinaweza kumsaidia mtoto. Lakini tusisahau nusu ile nyingine, ambao bado hawakuweza kusoma. Chombo peke yake hakitoshi. Mwalimu bado anatakiwa, na mzazi bado anatakiwa.

HATARI KUBWA KULIKO FEDHA

Wako watu wazima wanaojifanya watoto au marafiki kwenye simu. Humsifu binti, humtumia vocha, kisha humwomba picha. Mwisho humwomba picha ya utupu. Akishaituma, humtisha: "Usipofanya nitakavyo, nitaisambaza." Picha ikishatoka kwenye simu hairudishwi, kama maji yaliyomwagika.

Jambo hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto. Likimpata mtoto wako, usianze kwa kumpiga. Usifute ujumbe ule, maana ni ushahidi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Au piga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga. Mfundishe namba hiyo leo.

TUFANYE NINI?

1. Soma simu yako mwenyewe. Hata kama unasoma polepole, soma. Kuuliza mtoto "neno hili ni nini?" si aibu. Kumwachia simu yote ndiyo hasara.

2. Namba ya siri iwe ya siri. Kama mtoto anaijua, ibadilishe. Asiambiwe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu.

3. Simu iwe na saa zake na mahali pake. Mtoto aitumie sebuleni au barazani, watu wakiona. Usiku irudi kwa mzazi. Na sisi wazazi tuiweke chini wakati wa kula, maana mtoto hufuata anayoyaona.

4. Mpe mtoto ahadi hii: "Ukikosea kwenye simu ukaniambia mapema, sitakupiga." Kisha itimize.

5. Wazazi na walimu tukae pamoja. Shule nyingi zinakataza wanafunzi kuja na simu, ni sawa. Lakini walimu wengine hutuma kazi za nyumbani kwa WhatsApp. Je, asiye na simu kubwa afanyeje? Mzazi, simama kwenye mkutano wa shule uulize swali hilo. Mwalimu, andika kazi hiyo ubaoni pia, watoto wote wainakili.

Yule mama tulimtembelea tena majuzi. Alibadilisha namba ya siri kwa mkono wake. Ujumbe ukiingia, huusoma yeye kwanza kwa sauti, mtoto akisikiliza. Hivi karibuni ulikuja mwingine: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtoto akasema, "Mama, hao ni wezi." Mama akajibu, "Nimeshasoma, mwanangu." Wakacheka wote wawili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako, nani anajua namba ya siri?
2. Kwa nini yule mtoto alituma fedha mara ya pili?
3. Shule ya kijiji chenu inatumaje kazi za nyumbani? Nani anaachwa nyuma?
4. Kikundi chenu kitaanza na jambo gani wiki hii?