Njia panda kwa Kihispania: cruce, intersección, encrucijada au bocacalle?

Sentensi "Nipo njia panda" ina maana mbili: msemaji amesimama barabarani, au ameshindwa kukata shauri. Kihispania huzitenganisha maana hizo. *Estoy en el cruce* hutaja mahali; *Estoy en una encrucijada* kwa kawaida hutaja hali. Mfasiri anayezibadilisha humfanya mtu mwenye dhiki aonekane anasubiri basi.

Cruce (nomino ya kiume) ndilo neno la kila siku. Lina uhusiano na kitenzi *cruzar*, "kuvuka, kukatisha", na nomino *cruz*, "msalaba". Hufaa mjini na shamba: *Gire a la izquierda en el próximo cruce*, "Pinda kushoto kwenye makutano yanayofuata".

Intersección (ya kike) ina maana hiyohiyo, lakini ni ya lugha rasmi: sheria za barabarani, taarifa za ajali na uhandisi. Hutumika pia katika jiometri kutaja mahali mistari inapokatana. Tafsiri yake nzuri ni "makutano ya barabara".

Encrucijada (ya kike) huweza kutaja makutano halisi, hasa katika hadithi na maandishi ya kifasihi. Hata hivyo, leo hutumika zaidi kwa mafumbo: *El país está en una encrucijada*, "Nchi iko njia panda". Kumwelekeza dereva kwa neno hili si kosa la sarufi, bali husikika kama lugha ya vitabuni.

Bifurcación (ya kike) ni mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, mfano wa panda ya mti. Ikiwa matini inasema njia "inagawanyika", neno hili ni sahihi zaidi kuliko *cruce*.

Bocacalle (ya kike) limeundwa kwa *boca*, "kinywa", na *calle*, "mtaa". Ni mahali mtaa unapoanzia: *la segunda bocacalle a la derecha*, "mtaa wa pili upande wa kulia".

Neno "kona" nalo lina mtego wake. Kona ya mtaa, inayotazamwa kutoka nje, ni esquina. Kona ya ndani ya chumba ni rincón. Anayeahidi kukutana na mwenzake katika *el rincón de la calle* atakuwa amechagua neno lisilofaa.

Kwa mzunguko wa barabara, au kipilefti, nchi huzingatiwa. Hispania hutumia rotonda na glorieta. Meksiko hupendelea glorieta. Peru husema óvalo.

Kwa ufupi, mfasiri ajiulize: Je, njia panda hii hukanyagwa kwa miguu au huwazwa moyoni? Kama hukanyagwa, je, njia zinakatana au zinagawanyika? Majibu hayo ndiyo yatakayompa neno.