Mswaki wa umeme unatufundisha nini?

Mwaka 1954, kule Uswisi, daktari Philippe-Guy Woog alitengeneza mswaki wa umeme ulioitwa Broxodent. Aliwafikiria hasa wagonjwa ambao mikono yao haiwezi kusugua meno vizuri.

Tangu hapo mafundi wameuboresha. Mingi ya leo ina kichwa kidogo kinachofika meno ya nyuma, na saa inayohesabu dakika 2 na kukumbusha kila sekunde 30 kuhamia upande mwingine. Mingine inawasha taa tukikandamiza sana, maana nguvu nyingi inaumiza ufizi.

Kwetu umeme unakatika, na mswaki huo ni wa bei kali. Lakini mambo hayo matatu tunayaweza kwa mkono. Tununue mswaki mdogo wenye nywele laini. Tuushike kwa vidole kama kalamu. Tugawe kinywa sehemu 4, na mtoto ahesabu pole pole hadi 30 kwa kila sehemu.

Na mama mzee ambaye vidole vinatetemeka? Tuzungushe kitambaa kwenye mpini uwe mnene, aushike bila shida. Tuanze leo jioni, kabla ya kulala.