Unapasuliwa mgongo asubuhi, jioni upo nyumbani. Kwa mtu wa Bugarama, nyumbani ni wapi?

BUGARAMA. Ndondo za huku hazina utani. Bingwa anaondoka na ng'ombe, beki anaingia na mguu wa kuvunja, na mashabiki waliotoka moja kwa moja kwenye makarasha, vumbi likiwa bado kichwani, wanapiga kelele mpaka giza linaingia. Katikati ya kelele hizo kuna jamaa amesimama pembeni ya mstari, mkono kiunoni, mguu wa kushoto ameutanguliza mbele kama mtu anayepumzika.

Hapumziki. Hawezi kukaa.

Ni kiungo, jina tunalihifadhi, ambaye msimu uliopita ndiye alikuwa injini ya timu yake. Hakuumizwa na mtu uwanjani. Aliinama kunyanyua kiroba cha mawe duarani, akasikia kitu kimechomoka kiunoni. Siku ya tatu mguu ukaanza kuwaka moto, kutoka kwenye kalio mpaka kidole gumba cha mguu. Huu ni mwezi wa tano. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski imechomoza na kubana mshipa wa fahamu, na ameshaambiwa ajiandae kwa upasuaji.

Kijiweni wamemjaza maneno. Wapo wanaosema ukishaguswa uti wa mgongo, kinachofuata ni kiti cha magurudumu. Wapo waliosikia kwamba siku hizi unapasuliwa asubuhi, jioni upo kwako unaangalia mechi ya Yanga. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ni mtu wa magazeti, lipi la kweli.

La pili lina ukweli mwingi kuliko la kwanza. Ila lina shimo, na shimo lenyewe lipo barabarani, kati ya hospitali na Bugarama.

TER STEGEN ALIPITA HUKO

Mashabiki wa Barcelona wanaikumbuka Desemba 2023. Kipa wao, Marc-André ter Stegen, alifanyiwa upasuaji wa mgongo Ufaransa, na Februari 2024 alikuwa amesharudi golini. Miezi miwili tu. Lakini Julai 2025 akarudi tena kwenye kisu, mgongo uleule. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba ukishapasuliwa umemaliza, anakupanga.

Halafu kuna Neymar. Julai 4, 2014, robo fainali ya Kombe la Dunia pale Fortaleza, goti la Juan Zúñiga wa Colombia lilimvunja pingili ya kiuno. Brazil ikaenda kula 7-1 kwa Ujerumani bila yeye. Huyu hakupasuliwa kabisa, alipumzishwa mfupa ukaunga, na msimu uliofuata akacheza.

Nawataja hao wawili kwa sababu huku mtu akishika kiuno tu, anaambiwa aanze kuchangisha hela ya upasuaji. Sivyo. Wengi wenye diski iliyochomoza hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi 12 kwa dawa, mazoezi tiba na kupunguza kazi nzito. Kisu kinakuja pale ambapo maumivu ya mguu yamegoma muda wote huo na picha inakubaliana na dalili, au mguu unazidi kukosa nguvu. Ukiona mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, ganzi kati ya mapaja, miguu yote miwili inalegea, hapo huulizi wiki sita. Unakimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa ukanda huu wa dhahabu kuna jingine. Mgongo unaouma usiku na mchana, na homa, jasho la usiku na kukonda, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Wachimbaji wanavuta vumbi la mawe kila siku na TB inawapenda. Hiyo kwa kawaida inatibiwa kwa vidonge, na dawa za TB nchini ni bure. Kuna watu wanakandwa na maji ya moto miezi na miezi kumbe ni hiyo.

SIKU YENYEWE

Tuseme kiungo wetu amefikia hatua ya kisu. Upasuaji unaomhusu ni ule wa kutoa kipande cha diski kinachobana mshipa. Nasema kipande, maana wengi wanadhani diski nzima inang'olewa. Hapana, sehemu kubwa inabaki.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hali chakula. Maji anaacha saa chache kabla, kwa muda atakaopangiwa. Dawa zote anazotumia anazitaja mapema, na hapa naomba nieleweke: zote. Zile diclofenac za kununua duka la dawa kila Jumapili kabla ya mechi nazo zimo, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu. Na za mitishamba pia. Sigara aache wiki kadhaa kabla, kidonda cha mvutaji kinachelewa kupona.

Anapigwa nusu kaputi, analazwa kifudifudi, daktari anapasua sehemu ndogo, mara nyingi sentimita mbili au tatu, na kufanya kazi akiangalia kwa hadubini. Kazi yenyewe mara nyingi ni kama saa moja, kidogo zaidi ya dakika za mechi ukitoa mapumziko na mipira ya kurusha.

Akizinduka, jambo la kwanza ataambiwa achezeshe vidole vya miguu na kifundo. Kisha anywe, ale kidogo, akojoe mwenyewe, asimame, atembee. Akifaulu hayo yote, maumivu yakawa yanatulia kwa vidonge, na kuna mtu mzima wa kuondoka naye, ndipo anaruhusiwa. Marekani wengi wanaofanyiwa upasuaji wa aina hii hurudi kwao siku hiyohiyo. Hapa kwetu kulazwa siku moja au zaidi bado ni jambo la kawaida, na wala mtu asikuambie kwamba ni ushamba.

Moto wa mguuni mara nyingi ndio unaozimika kwanza, wengine wanaamka haupo. Ganzi ndiyo king'ang'anizi, inaweza kukaa wiki au miezi. Kidonda cha mgongoni kitauma, hilo halikwepeki. Na ule woga wa kupooza? Ni hatari iliyopo lakini ni nadra sana katika upasuaji huu wa kiunoni. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni mengine: kidonda kupata maambukizi, utando unaofunika mishipa kutoboka na maji yake kuvuja, au diski kuchomoza tena sehemu ileile.

BARABARA

Sasa turudi kwenye lile shimo. Vituo vinavyoruhusu mgonjwa kuondoka siku hiyohiyo huangalia pia anakwenda kulala wapi. Kama unaishi mbali na hospitali inayoweza kukufungua tena usiku huohuo, hiyo ruhusa haikuhusu.

Piga hesabu ya Bugarama. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Bugando ipo Mwanza. Kwa wanaopitia Geita, Daraja la JPM kati ya Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, ila safari bado ni ya saa kadhaa. Na barabara ya Kahama hadi Kakola watu wameijua miaka yote kwa vumbi na kurushwarushwa. Mgongo wenye nyuzi za jana hauendi huko kwenye siti ya nyuma ya Hiace, achilia mbali bodaboda.

Kwa hiyo "nyumbani" kwa mtu wa huku inabidi iwe nyumba ya ndugu au gesti ya karibu na hospitali, angalau hadi kidonda kikaguliwe. Nyuzi hutolewa karibu siku ya 10 hadi 14. Nauli ya mtu wa kumsindikiza, chakula cha watu wawili, kitanda: hii ndiyo bajeti ambayo michango ya timu huwa inaisahau. Wanachangia kisu, halafu mgonjwa anapandishwa basi la usiku kesho yake.

Akiwa huko, homa, kidonda kutoa usaha au maji meupe, kichwa kupasuka kila anapoinuka, mguu kulegea upya au mkojo kugoma ni sababu za kurudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki.

UWANJANI LINI?

Kutembea kunaanza siku ileile, na kunaongezwa kila siku. Kukaa muda mrefu, kuinama na kujipinda, kunyanyua ndoo ya maji, hivyo vinasubiri wiki za mwanzo. Kazi nyepesi inawezekana baada ya wiki chache. Mpira wa kugongana, miezi mitatu hadi sita kwa wengi, na ni baada ya mazoezi tiba ya tumbo na mgongo, sio kwa kujisikia tu. Ter Stegen alikuwa na watu wa mazoezi tiba wanaomwangalia kila siku, na hata hivyo mnajua kilichomkuta.

Nilimwuliza kiungo wetu kuhusu duara. Alicheka, akaangalia pembeni. Miezi mitatu bila kiroba ni miezi mitatu bila hela ya nyumbani, na ana watoto wawili. Kwenye ndondo hakuna mkataba wala bima ya mchezaji.

Mwalimu wake amezungumza na mwenye karasha mmoja ambaye ni mwanachama wa timu. Wamekubaliana kijana akirudi awe anaandika daftari la viroba vinavyoingia, akiwa amesimama au akizunguka, bila kunyanyua chochote. Nahodha ndiye atakayemsindikiza Mwanza. Shangazi yake anaishi Nyakato na ameshatoa chumba kwa wiki mbili.

Mechi iliisha 1-1, ikaenda matuta. Alizitazama penalti zote akiwa amesimama.